Vuli ikiisha Malindi: mchicha na kunde, au sukuma wiki na nyanya?

Wiki ya mwisho ya Novemba ndiyo wiki tunayobishana. Mvua za vuli zinakuwa zimeanza kuchoka: zinanyesha alfajiri moja, zinapotea siku nne, zinarudi kwa manyunyu ya kulaza vumbi tu. Upepo nao hauna msimamo. Kusi imekwisha, kaskazi haijashika, na wavuvi wanasema ni maleleji, tanga mbili. Maembe yameanza kuanguka. Mboga tulizopanda Oktoba zinakaribia kumalizika, na chini ya mwembe swali ni lile lile la kila mwaka: matuta yakishakuwa matupu, tuyarudishie nini?

Kikundi chetu ni cha watu 12, na shamba letu ni robo eka upande wa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Udongo ni wa kichanga. Tuna matuta 40, kila tuta mita 10 kwa mita 1, na kisima kimoja cha kuchota kwa kamba. Kila mwaka tunagawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka mboga za majani za haraka, mchicha na kunde. Upande wa pili unataka mboga za pesa, sukuma wiki na nyanya. Mimi nimesimama pande zote mbili: misimu miwili nilikuwa wa nyanya, na nilizitetea kwa sauti. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyapigia jembe. Nayaandikia kikundi chochote cha pwani chenye shamba dogo na kisima kimoja, ambacho kinataka kuamua kabla Desemba haijaingia.

Neno langu nalitoa mapema: msichague kwa bei mnayoiona sokoni leo. Chagueni kwa maji yatakayokuwamo kisimani Februari.

Kalenda

Mtu akipita soko la Malindi katikati ya Desemba, anaona nyanya zinavyokimbiliwa. Hoteli za Malindi na Watamu zimejaa, watu wa bara wameteremka kwa likizo, harusi ziko kila mtaa. Anarudi shambani na pakiti ya mbegu mfukoni. Namwelewa, nilifanya hivyo hivyo. Lakini nyanya inakaa kitaluni karibu wiki 4, halafu ikishapandikizwa inataka siku 75 hadi 90 kabla ya tunda la kwanza kuwiva. Ukisia mbegu mwisho wa Novemba, unapandikiza mwisho wa Desemba, na tunda unalishika mkononi katikati ya Machi au mwisho wake. Zile nyanya za Desemba zilizokutamanisha zilisiwa Agosti, wakati wewe unasubiri vuli.

Na Machi ya Malindi tunaijua. Ndio wakati joto limekolea, mchana nyuzi 31 au 32, na usiku hazishuki chini ya 24. Mnyanya haupendi usiku wa namna hiyo. Utatoa maua mengi, mazuri ya manjano, halafu asubuhi unayakuta chini, kikonyo kimekauka kwenye kiungo chake. Wenzetu wakidhani ni wadudu, wanapiga dawa. Si wadudu, ni joto. Ua limeshindwa kushika tunda.

Sukuma wiki iko katikati. Kitalu ni wiki 4 hadi 6, na majani ya kwanza unayachuma wiki 4 hadi 6 baada ya kupandikiza. Kama miche mliitayarisha Oktoba na mnaipandikiza sasa, mtaanza kuchuma mwanzoni mwa Januari, shule zinapofunguliwa, na mtaendelea kuchuma kila wiki kwa miezi. Kama miche hamkuitayarisha, basi hesabu yenu ni Februari, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mchicha na kunde hazina mambo mengi hapa. Mchicha unang'olewa au kukatwa kati ya wiki ya 3 na ya 4. Majani ya kunde ni hivyo hivyo, na ukitaka mbegu zake unasubiri miezi miwili na nusu hadi mitatu. Tuta la mchicha lililosiwa leo litakuwa limelisha, limelipa na limepandwa tena kabla miche ya nyanya haijazoea udongo mpya.

Maji, hapa ndipo penye uamuzi

Wakati wa kaskazi, jua na upepo vinachukua karibu milimita 5 hadi 6 za maji kwa siku kutoka kwenye tuta lililofunikwa na mboga. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo tuta letu la mita 10 kwa 1 linataka lita 50 hadi 60 kila siku, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Matuta 40 ni mitungi 120.

Kisima chetu Novemba kinatoa mitungi hiyo bila kulalamika. Februari hakitoi. Misimu yote niliyohesabu, kuanzia katikati ya Januari kinatupa mitungi kama 60 kwa siku, halafu ndoo inaanza kukwaruza na maji yanatoka na matope. Unakiacha mpaka alfajiri kijijaze upya. Mitungi 60 ni matuta 20. Hakuna mjadala utakaoyafanya yawe 40.

Na si kiasi tu, ni uzito pia. Mitungi 60 ni kilo 1,200 za maji. Tukiwa sote 12 tumekuja, kila mmoja anavuta na kubeba mitungi mitano, kilo 100, kila siku, juani. Wanawake wengi wa kikundi chetu wameshabeba maji ya nyumbani kabla ya kufika shambani. Hesabu ya mboga isiyoyahesabu mabega haya naiona haijakamilika.

Sasa lipime kila zao kwa mitungi. Tuta la mchicha, kwa siku 28, kwa wastani wa mitungi 2 kwa siku kwa sababu siku za mwanzo linakunywa kidogo, ni mitungi 56. Likisiwa sasa, mvua za mwisho zitawasaidia siku kadhaa, kwa hiyo hata 56 haifiki. Tuta la nyanya lililopandikizwa mwisho wa Desemba litakuwa shambani zaidi ya siku 90, na siku nyingi kati ya hizo ni za mitungi mitatu kamili. Hata nikipunguza kwa ajili ya wiki za mwanzo, haishuki 230. Sukuma wiki kwa miezi minne inakaribia 300, ila yenyewe inakulipa kila wiki njiani. Nyanya inakunywa 230 kwanza, ndipo ikuambie kama italipa.

Kuna jambo la mchicha ambalo wazee walilijua kwa macho tu. Mchicha ni ndugu wa mahindi na mtama kwa namna unavyolitumia jua: kwenye joto kali unaendelea kukua pale ambapo mboga nyingine zinasimama, na kwa maji yale yale unatoa majani mengi zaidi. Tazama shamba saa nane mchana mwezi wa Februari. Sukuma wiki imelegea kama kitambaa kilicholowa. Mchicha uko wima.

Kunde nazo mizizi yake inashuka chini sana, na zikikosa maji siku mbili tatu hazikusuti.

Kabla hamjaamua, kipimeni kisima. Sisi tumefunga mafundo kwenye kamba, fundo kila nusu mita, na jiwe mwishoni. Tarehe mosi ya kila mwezi, alfajiri kabla ya mtungi wa kwanza, tunateremsha jiwe mpaka liguse chini, tunalivuta, na kuhesabu mafundo yaliyolowa. Ukiwa na hesabu ya mwaka mmoja tu, ubishi wa chini ya mwembe unapungua kwa nusu.

Kisha onjeni. Visima vya karibu na bahari, maji baridi yakipungua, maji ya chumvi yanasogea kutoka chini. Bibi mmoja kwetu hana kifaa chochote: anachota kiganjani, anasuuza mdomo, anatema, anasema "bado" au "yameingia". Maji ya chumvi yakishaingia, maharagwe, karoti na vitunguu huanguka mapema. Nyanya na sukuma wiki zinajikokota, ncha za majani zikiungua. Kunde zinastahimili kuliko maharagwe, na mboga inayovumilia chumvi kuliko zote tulizojaribu ni spinachi. Na kama mnamwagilia maji yenye chumvi, mwageni chini kwenye shina, jioni, msirushie majani.

Bilauri ya maji

Msimu wa pili wa nyanya zangu ulikuwa mzuri mpaka Februari. Tulikuwa na matuta 12. Asubuhi moja mnyanya mmoja ulikuwa umenyauka, na bado ni kijani kabisa, hauna jani la njano hata moja. Tuliumwagilia. Jioni ulisimama kidogo, kesho yake ukalala, na majirani zake wawili nao. Duka tulilokwenda walituuzia dawa ya ukungu, tukaipiga, pesa ikaenda. Baada ya siku kumi mstari mzima ulikuwa umelala.

Aliyetuonyesha kilichotupata alikata kipande cha shina cha urefu wa kidole, karibu na udongo, akakining'iniza kwenye bilauri ya maji safi, ncha ikigusa maji tu, akatuambia tutulie tusitikise. Baada ya dakika chache uzi mweupe ulianza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, kama tui linalodondoka ndani ya maji. Ule ndio mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya dukani inayouponya. Vijidudu hivyo hukaa kwenye udongo miaka mingi, vinasafiri kwa maji ya kumwagilia, kwa jembe, kwa viatu, na vinashika ukoo mzima: nyanya, mabiringani, pilipili, viazi, hata mnavu. Ukivipata kwenye tuta, tuta hilo umelipoteza kwa mboga za ukoo huo.

Mchicha na kunde havimo katika ukoo huo. Hiyo ndiyo sababu matuta yetu yale 12 bado yanatulisha.

Nayasema haya si kumtisha mtu asipande nyanya maisha yake yote. Kama udongo wenu haujawahi kuona mnyauko, ulindeni: msichukue miche msiyojua ilikotoka, na jembe la shamba la jirani lioshwe kabla halijaingia kwenu. Na hata mnyauko usipokuja, ukavu wa kaskazi unaleta wageni wengine kwenye mnyanya: inzi weupe wanaoeneza ugonjwa wa kujikunja majani, na utitiri mwekundu unaosuka utando chini ya jani. Wote wawili wanapenda vumbi na joto. Vuli ikiwa inanyesha hawana nguvu hizo.

Sukuma wiki si adui

Katika ubishi wetu sukuma wiki hutajwa pamoja na nyanya, lakini naona inaonewa. Ina mteja kila siku. Mama mboga hahitaji kuisifu. Haina msimu mmoja wa kuvuna ambao ukiupoteza umepoteza yote. Ukichuma majani ya chini na kuacha manne au matano ya juu, mche unaendelea.

Shida yake pwani ni joto na wadudu wa kiangazi. Majani yanakuwa madogo, magumu, na ladha inakaza. Vidukari wanajazana kwenye kichipukizi mpaka jani linakunjamana, na Januari wanakuja wale kunguni wadogo weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, wanaonyonya mpaka jani linakuwa na mabaka meupe. Vidukari tunawaosha kwa maji ya sabuni asubuhi. Kunguni tunawaokota kwa mkono, na ukikosa siku tatu wanakuwa wengi kuliko mikono.

Kilichotusaidia ni kivuli. Matuta matano yaliyo upande wa mashariki wa mwembe yanapata jua la asubuhi, na baada ya saa saba mwembe unayafunika. Hapo sukuma wiki inaishi mpaka Machi. Katikati ya uwanja haifiki. Tunatandaza makuti makavu katikati ya mistari, na mitungi mitatu inashuka kuwa miwili na kidogo. Kwa hiyo ushauri wangu juu ya sukuma wiki ni mfupi: kama miche ipo tayari leo, na kivuli cha mchana kipo, pandikizeni, sentimita 60 mstari hadi mstari na 45 mche hadi mche. Kama kimoja hakipo, subirini masika.

Mabaya ya mchicha na kunde

Upande wangu wa sasa nao una makosa, na nitayataja.

Mchicha haungoji. Siku ukiwa tayari ni siku ya kuuza, na ukishakatwa saa nne asubuhi, saa nane umelala kwenye sinia. Tunaukata alfajiri kabla jua halijachomoza, tunanyunyizia maji, tunafunga kwa mafungu, na tuktuk inaondoka saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa saa moja unauza kwa hasara. Ukiachwa tutani wiki moja zaidi, unatoa maua, na jani lake linakuwa la kulisha mbuzi.

Halafu mvua ikinyesha vizuri kila mtu ana mchicha. Hata asiyepanda anao nyuma ya choo. Mwisho wa Novemba fungu linakuwa karibu na bure, na hapo ndipo wenzangu wa nyanya hunicheka. Lakini mchicha wa Februari si wa Novemba. Ule wa kujiotea umekauka, na aliye na maji ndiye aliye na mboga. Pesa ya mchicha ni ndogo ndogo na inapotea kwenye leso kama haina daftari. Sisi tulipoteza pesa nyingi hivyo kabla ya kuanza kuandika kila asubuhi.

Viwavi wanaokunja majani ni wabaya pia. Wanajifunga ndani ya jani kwa uzi, unaliona jani limekunjwa kama sambusa, ukilifungua kiwavi anaruka. Hakuna mteja anayetaka hilo. Kwa kuwa mchicha unaliwa baada ya siku chache, dawa kali hatupigi; tunachuma majani yaliyokunjwa na kuyachoma, na tunasia tuta jipya mbali na la zamani.

Kunde zina vidukari weusi. Lakini zina zawadi ambayo nyanya haina. Ng'oa mkunde wa wiki sita, osha mizizi, utaona vifundo vidogo vimeshikilia kwa nje. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu cha waridi ndani, kinafanya kazi: kinachukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kwenye mchanga wetu usio na rutuba hiyo ni mbolea ambayo hatukuinunua. Msivichanganye na vifundo vya minyoo ya mizizi, ambavyo tumevikuta sana kwenye nyanya: vile ni mzizi wenyewe umevimba, havibanduki kwa kidole. Vya kunde vinabanduka kwa urahisi. Na kunde zenyewe zinaweza kushikwa na minyoo hao, kwa hiyo msizichukue kama tiba yake.

Kama mnaweza kupata mbegu ya kunde aina ya K80, ni nzuri kwa kikundi kwa sababu inatoa majani na mbegu. Majani yakichoshwa kuchumwa, mnaacha ibebe.

Na nyumbani? Nyanya ni kiungo. Mchicha na kunde ndizo zinazokaa pembeni ya sima. Mchicha wa tui, kunde za kuchanganywa na mutsunga, ile mboga chungu ya kujiotea, ili uchungu upungue, hivyo ndivyo vinavyoliwa kwa wenzetu 12 hata siku ambayo hakuna kilichouzwa. Msimu wa nyanya zilizonyauka tulikula sima na chumvi, ilhali tuna shamba.

Zamu za Desemba

Hili watu hawalisemi wakati wa kupanga. Desemba zamu zinavunjika. Kuna Krismasi, kuna harusi, kuna watoto nyumbani, kuna matanga, na kila sababu ni ya kweli. Nyanya ikikosa maji siku mbili halafu ikamwagiwa mengi siku ya tatu, tunda linaoza kitako au linapasuka, na kosa hilo unaliona wiki mbili baadaye wakati aliyekosa zamu ameshasahau. Hapo ndipo kikundi kinapoingia ugomvi. Mchicha ukikosa zamu unachelewa siku mbili, basi. Kunde hata hazichelewi.

Kikundi kipya, cha mwaka wa kwanza au wa pili, bado hakijajuana vya kutosha kubeba nyanya. Hiyo ni rai yangu na nina watu wanaonipinga.

Soko la Ramadhani

Wenzangu wa nyanya wana hoja moja ambayo sikuweza kuipinga. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwezi huo Malindi nzima inapika: nyanya, pilipili, dania na malimau vinatafutwa kila alasiri. Mwenye nyanya wakati huo hahitaji kuzitembeza.

Lakini kalenda ile ile inawabana. Nyanya ya kuuzwa Februari ilitakiwa kusiwa Oktoba na kupandikizwa mwanzo wa Novemba. Aliyefanya hivyo anastahili soko lake. Anayeanza leo atafika Ramadhani ikiwa inaishia au imekwisha. Dania, kwa upande mwingine, inakatwa wiki 5 au 6 baada ya kusiwa, kwenye kivuli cha mwembe pamoja na sukuma wiki. Kama shabaha yenu ni futari, pandeni dania Januari, kipande kidogo, muda wake mkiuhesabu kwa vidole.

Wale wa bondeni Sabaki

Wenye mashamba kando ya mto hesabu yao si hii. Sabaki ni maji yale yale yanayoitwa Athi huko juu na Galana katikati, yanapita mwaka mzima, na pampu ndogo inafanya kazi ya mabega yetu yote. Udongo ni tope lililoletwa na mto. Huko nyanya na sukuma wiki zina haki yake hata Februari.

Hatari yao ni nyingine, na iko sasa hivi. Mvua kubwa ikinyesha bara, mto unapanda huku Malindi jua linawaka. Vuli ya 2023, mwaka wa El Nino, mashamba ya bondeni yalikwenda na maji, kama ilivyotokea pia 1997. Kwa hiyo aliye bondeni asipandikize kitu cha miezi mitatu Novemba. Asubiri mto ushuke Desemba au Januari, na kabla ya hapo asie mchicha, ambao ukichukuliwa na maji umepoteza mbegu ya kiganja. Viboko wana njia zao za usiku pia. Anayelima karibu na ukingo anazijua, na asipozijua watamwonyesha.

Tulivyoamua mwaka huu

Matuta 20 yatamwagiliwa, 20 hayatamwagiliwa. Yale 20 ya ukame tunayasia kunde za kutambaa wiki hii, na unyevu uliobaki ndio maji yake. Zikibeba, tumepata, zisipobeba, zimefunika udongo jua lisiuchome.

Katika yale ya maji, 9 ni mchicha, tukisia matatu kila baada ya siku kumi ili kusiwe na siku ya mafungu mia na wiki ya mikono mitupu. Matano ni kunde za majani. Matano ya kivulini ni sukuma wiki, miche yake ipo kitaluni tangu Oktoba. Na moja ni nyanya, kwa wale wenzetu wanne wanaozipenda, mbali na matuta yaliyougua. Kwa mitungi ni 18, 10, 15 na 3, jumla 46. Zile 14 zinazobaki tunaziacha kisimani.

Jambo moja la mwisho la kazi. Wakati wa mvua matuta yetu ni ya kuinuka, maji yasisimame. Sasa tunayageuza: tunatoa udongo katikati na kuurundika kingoni, tuta linakuwa kama sinia, kila tone linabaki ndani. Wawili wakishika majembe wanamaliza matatu kwa asubuhi. Jumamosi tunasia. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko kichwa cha sindano na inamwagika yote mahali pamoja, kwa hiyo nimeshaichanganya na mchanga mkavu, kopo moja la mbegu kwa makopo kumi ya mchanga, na iko kwenye beseni jikoni kwangu, nimeifunika na kitambaa panya wasiione.